Kivoi, Krapf na jina lililobaki mtoni

Kila Disemba 12, Sikukuu ya Jamhuri, jina la Kenya huimbwa katika kila uwanja wa Taita Taveta. Hapa Voi, wachache hukumbuka kwamba jina la mji wao na la nchi yao yanakutana kwa mtu mmoja: Kivoi wa Mwendwa, Mkamba mfanyabiashara wa pembe za ndovu.

Wazee husimulia kwamba Kivoi aliweka makazi kando ya mto, mto ukachukua jina lake, na ile ki- ikadondoka vinywani mwa watu.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Rabai, alipita Taita Novemba 1849, naye katika kitabu chake akaiandika Teita, tahajia ambayo shamba la mkonge la Mwatate linayo hadi leo. Disemba 3, akiwa kwa Kivoi huko Kitui, aliuona mlima wenye theluji. Wakamba waliuita Kĩĩnyaa. Irabu ĩ iko kati ya i na e, na Kiswahili hakinayo. Krapf akaandika Kegnia. Waingereza wakatamka Kiinya, na walowezi wakashikilia hivyo hata baada ya 1963. Uhuru ndio uliorudisha e.

Mwaka 1851 Krapf alirudi, akafuatana na Kivoi hadi karibu na mto Tana. Majambazi wakawavamia. Kivoi akauawa, Krapf akakimbia peke yake porini, kiu ikimmaliza. Alipoufikia mto alikunywa, kisha akajaza maji kwenye mfuko wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, kwani hakuwa na chombo kingine. Aliporejea kwa Wakamba, ndugu wa marehemu walimuuliza kwa nini hakufa pamoja na rafiki yake. Akatoroka usiku.

Mimi humlilia Kivoi. Mgeni aliandika kitabu. Mwenyeji aliyemwonyesha nchi hatajwi darasani ila kwa sentensi moja.

Baadaye reli ya kutoka Mombasa ilipita hapa, jina la mto likawa jina la stesheni, kisha la mji. Mwaka 2017 ikaja stesheni ya reli mpya, nayo ikaitwa Voi vilevile. Naiomba kaunti isimike ubao kwenye daraja la mto Voi, uandikwe Kivoi, na chini yake Kĩĩnyaa, ĩ zote mbili na alama zake.