Zimamoto na uokoaji, Kibondo na Kasulu

Huduma ya kuzima moto na kuokoa watu katika wilaya mbili za nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, Tanzania. Huongozwa na Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007, iliyoweka chini ya jeshi moja la Wizara ya Mambo ya Ndani kazi iliyokuwa ya halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazipa wilaya kamati zake za maafa.

Miongozo ya kitaifa inafaa zaidi miji: ukaguzi wa majengo, cheti cha usalama, vizimia moto ukutani. Kibondo na Kasulu zina mahitaji mengine. Kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Kasulu, 1996) na Nduta (Kibondo, iliyofunguliwa upya 2015) zimekuwa na vibanda vya turubai vilivyobanana, huku kuni zikiwaka hatua chache kutoka ukutani. Hapo nafasi kati ya vibanda, ndoo za mchanga na vijana waliofunzwa huokoa zaidi ya gari linalotoka mbali. Kiangazi, kuanzia Juni, moto wa kuandaa mashamba hutoroka na kuingia msituni. Mwongozo wenye manufaa ungeanzia kwa mwenyekiti wa kijiji na barabara za kuzuia moto.

Namba ya dharura ya zimamoto nchini ni 114.