Gari jipya la kiwandani: kwa nini husubiriwa miezi, na mambo ya kuandikisha kabla ya kutoa arubuni

Gari likishaingia kwenye mstari wa kuunganishwa kiwandani, hukamilika kwa siku moja au mbili. Lakini ukienda leo kwa muuzaji wa magari mapya hapa Mombasa ukataka gari ambalo hana uwanjani, utaambiwa usubiri miezi kadhaa, pengine mwaka. Muda huo wote hauendi kwenye kuliunda gari, huenda kwenye foleni. Na foleni si moja. Anayezijua hujua la kumuuliza muuzaji kabla ya kutoa arubuni.

Foleni ya oda

Kiwanda hupanga kazi yake miezi mingi mbele. Kila nchi hupewa fungu lake, na kila muuzaji hupata sehemu ya fungu hilo. Oda zikizidi fungu, zilizobaki husukumwa mbele.

Mfano mzuri ni Suzuki Jimny ya milango mitano, inayoundwa India na kuuzwa Japani kwa jina la Jimny Nomade. Ilipotangazwa huko mwisho wa Januari 2025, oda zipatazo 50,000 ziliingia ndani ya siku chache, nayo kampuni ilikuwa imepanga kuuza 1,200 kwa mwezi. Ukigawanya, ni karibu miaka mitatu na nusu. Suzuki ikasimamisha kupokea oda.

Toyota Land Cruiser 300 nayo, mapema mwaka 2022, kampuni iliwaambia wateja wa Japani kuwa oda mpya zingeweza kuchukua miaka minne. Wanunuzi huko walitakiwa waahidi kwa maandishi kutoliuza gari ndani ya mwaka wa kwanza, na lililokwisha kupatikana lilikuwa na thamani kuliko lililoandikwa kwenye karatasi.

Jambo hilo si geni. Katika Ujerumani Mashariki ya zamani, watu waliisubiri Trabant kwa zaidi ya miaka kumi, na Trabant kuukuu iliyo tayari kuendeshwa ikiuzwa ghali kuliko mpya.

Foleni ya vipuri

Gari moja lina vipuri vipatavyo 30,000 ukihesabu mpaka skrubu ndogo. Viwanda vingi haviweki akiba kubwa, kipuri hufika karibu na saa ya kufungwa. Mtindo huu hupunguza gharama, lakini kikikosekana kimoja, gari zima hukwama.

Ndivyo ilivyokuwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, chipu za kompyuta zilipoadimika. Wakati wa korona viwanda vya magari vilikuwa vimepunguza oda zao, na watengenezaji wa chipu wakawauzia wa simu na kompyuta. Mahitaji ya magari yaliporudi, nafasi zilikuwa zimejaa. Mwezi Machi 2021 kiwanda cha chipu cha Renesas huko Naka, Japani, kikaungua moto, na hali ikazidi kuwa ngumu.

Foleni ya bahari

Magari mazima husafirishwa kwa meli maalumu, na meli haing'oi nanga kwa ajili ya gari moja. Gari hukaa bandarini huko likingoja nafasi.

Njia pia ina neno. Gari litokalo Japani au India huja kwetu kwa Bahari Hindi. Litokalo Ulaya njia yake fupi ni mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu. Mwezi Novemba 2023 Wahuthi wa Yemen waliiteka huko Galaxy Leader, meli ya kubebea magari. Baada ya hapo kampuni nyingi zilizipitisha meli zao Rasi ya Tumaini Jema, mwendo mrefu zaidi kwa siku nyingi. Kwa hivyo usiulize tu gari ni la kampuni gani, uliza limeundwa nchi gani. Jina moja la gari laweza kutoka viwanda vya nchi tofauti.

Foleni ya hapa kwetu

Si kila gari jipya huja likiwa zima. Mengi, hasa malori, mabasi na pikapu, huja vipande ndani ya makasha na kuunganishwa nchini: Associated Vehicle Assemblers kule Miritini, Kenya Vehicle Manufacturers kule Thika, na Isuzu East Africa jijini Nairobi. Kuunganishwa Miritini hakumaanishi gari litapatikana kesho. Makasha yenyewe yameagizwa ng'ambo, na yamepitia foleni zote tulizokwisha kuzitaja.

Mwenye kutaka matatu au basi ana foleni moja zaidi. Anachouziwa mara nyingi ni chesisi yenye injini, kisha hupelekwa kwa fundi wa bodi, ambaye naye ana wateja waliomtangulia. Mkopo wa benki au wa sako huanza kulipwa kwa tarehe zake, na haungoji bodi ikamilike.

Kusubiri kuna bei yake

Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 124. Mwaka mmodi baadaye ilifika karibu 160. Gari la dola 30,000 likapanda kutoka shilingi milioni 3.72 hadi milioni 4.8, kabla ya ushuru. Katikati ya muda huo, Julai 2023, ushuru wa forodha wa magari ya abiria ukapanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Aliyeagiza bila kufunga bei huenda alipigiwa simu na kuambiwa aongeze. Baadaye shilingi ilipata nguvu tena, lakini aliyekwisha kulipa hakurudishiwa.

Mambo ya kuandikisha

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema muuzaji anayetakiwa kupeleka bidhaa bila ya kuwekwa muda, aipeleke ndani ya muda wa kuridhisha. Lakini muda wa kuridhisha ni upi? Hapo ndipo watu hupelekana mahakamani. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji. Basi zitumie, na uyapate haya kwa maandishi:

1. Gari liko wapi sasa: limeshaundwa, liko melini, au ni jina tu kwenye orodha? Likiwa limeshaundwa, takia nambari ya chesisi.

2. Tarehe ya mwisho ya kukabidhiwa. Neno "takriban" lisiwe peke yake.

3. Bei ni kwa shilingi au dola, na ushuru ukipanda nani ataulipa.

4. Arubuni itarudishwa yote au nusu tarehe ikipita, na ndani ya siku ngapi.

5. Rangi au modeli ikibadilishwa kiwandani, una ruhusa ya kukataa.

6. Malipo yagawanywe kwa hatua: kidogo kwenye oda, mengine gari likifika Kilindini, salio siku ya kukabidhiwa funguo.

Pesa ziingie kwenye akaunti ya kampuni, si ya mtu, na risiti iwe na jina lako na la gari. Muuzaji akikataa kuandika tarehe lakini yuko tayari kupokea pesa, nenda kwa mwingine.

Subira yavuta heri, wazee wetu wamesema. Wamesema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.