Kiango cha Namba

Kwenye vibanda vya mafundi pikipiki, kuanzia Nyakanazi wilayani Biharamulo hadi Rusumo kule Ngara, kipande cha chuma kinachobeba namba ya usajili nyuma ya pikipiki hakina jina lililotulia. Mmoja atakiita chuma cha namba, mwingine kishikio cha pleti, na aliyepita chuo cha ufundi atasema braketi. Wote wanaelewana kwa sababu kitu chenyewe kipo mbele yao na kidole kinatosha kukionyesha. Ugumu huanza unapotaka kukiagiza kwa simu, kukiandika kwenye risiti, au kumfundisha kijana anayeanza kazi. Mimi napendekeza tukiite kiango cha namba, na sababu yangu ya kwanza ni ya kifundi.

Tuanze na taa. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria na mizigo huku kwetu, Boxer, TVS na za Kichina kama SanLG, hutoka kiwandani zikiwa na balbu moja ya nyuma yenye nyuzi mbili. Uzi wa wati 5 huwaka usiku kucha. Ule wa wati 21 huwaka ukikanyaga breki. Kioo chekundu kinatazama nyuma. Lakini chini ya taa hiyo hiyo pana kidirisha kisicho na rangi, ambacho madereva wengi hawajawahi kukitilia maanani, na mwanga unaopenya hapo ndio unaoangukia namba. Kwa hiyo kiwandani namba na taa vilipimiwa pamoja: kimo, umbali na mwinamo. Ukisogeza kimoja, umevisogeza vyote viwili.

Na vinasogezwa kila siku. Barabara ya changarawe ya Rulenge au Murusagamba hutikisa pikipiki mpaka madigadi ya plastiki ikapasuka, na namba ikaning'inia kwa bolti moja. Mwingine amerefusha keria ili abebe mikungu ya ndizi, na namba haionekani tena. Mwingine anapenda tu pikipiki yake iwe fupi nyuma. Wote hawa huenda kuchongesha. Fundi anakata chuma bapa, anakunja, anatoboa, anakaza, na namba inakaa imara kuliko ilivyotoka kiwandani. Ila sasa imeshuka chini au imehamia pembeni, na ule mwanga wa kidirisha unaangukia tairi. Kazi imeishia nusu, na wala fundi hana kosa, kwani aliambiwa atengeneze kishikio, naye kishikio amekitengeneza.

Hapo ndipo jina linapokuwa na uzito. Kishikio kinashika tu, kama cha mlango au cha kikombe. Braketi haimwambii kitu asiyejua tayari. Kiango ni neno la zamani lililotoka katika kitenzi angika, ndugu yake ni chango cha kutundikia nguo ukutani, na kazi yake tangu zamani ni kubeba taa. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amelikuta katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, pale taa inapowekwa juu ya kiango badala ya kufunikwa kwa pishi. Neno hili moja lina mambo mawili ambayo fundi anatakiwa kuyakumbuka kwa pamoja: kutundika na kuangaza. Mteja akisema "nichongee kiango cha namba", taa imeshatajwa ndani ya oda.

Nasikia pingamizi kwamba kiango ni cha taa, hivyo hakiwezi kuwa cha namba. Kiswahili kimezoea kupanua maneno kwa njia hii, ndiyo maana gari lina mkono wa gia na saa ina mishale. Pingamizi jingine, kwamba mafundi hawatalitumia, ni zito zaidi. Madigadi, indiketa na shokapu yameingia bila kuomba ruhusa na yanafanya kazi vizuri, sitaki kuyafukuza. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa likisanifisha istilahi tangu 1967, na bado neno hupata uhai wake kijiweni. Lakini hapa hatubuni neno. Lipo, linatamkika, wingi wake ni viango, na halina kazi nyingi siku hizi.

Turudi kwenye taa. Mwanga wa kiango lazima uwe mweupe. Tanzania Bara, chombo cha biashara huvaa namba yenye usuli mweupe, cha binafsi usuli wa njano; chini ya taa nyekundu rangi hizo mbili hufanana kabisa. Abiria anayeshuka Benaco saa tano usiku na kusahau mzigo wake juu ya keria anahitaji kuona rangi pamoja na tarakimu na herufi zinazofuata MC. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka namba ya nyuma isomeke usiku kwa umbali wa mita 20, hewa ikiwa safi na chombo kikiwa kimesimama. Kanuni za Ulaya kwa pikipiki zinaruhusu namba itazame juu kwa digrii zisizozidi 30 kutoka wima, au chini zisizozidi 15. Namba iliyolazwa chini ya kiti ikitazama angani haisomeki hata ukiiwekea taa ya uwanja wa mpira.

Sasa kiango chenyewe. Mguu wake ufungwe kwenye fremu, kamwe usifungwe kwenye plastiki ya madigadi. Uso wake uwe na upana wa namba nzima, maana namba isiyoegemea kitu hupasuka kuanzia kwenye tundu la bolti. Weka washa za mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, na nati zenye plastiki ndani ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Kabla ya kukaza, wapandishe watu wawili wazito, wakandamize shokapu hadi mwisho, uone kama tairi linagusa chuma.

Taa ikae juu ya namba au pembeni yake, na iwe na kofia, ili anayekuja nyuma aone namba bila kuchomwa macho na balbu. Uunge waya wake sambamba na taa ya nyuma. Ukiziunga kwa mfuatano, zote mbili zitafifia. Balbu ya wati 5 kwenye volti 12 inakula takriban ampea 0.4, taa ya LED inakula pungufu ya hapo kwa mbali. Tahadhari moja: pikipiki ndogo nyingi za zamani hulisha taa zake moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini, kwa umeme unaogeuka mwelekeo. Ndiyo maana taa hupanda na kushuka kwa kufuata mafuta. LED ikiungwa hapo humetameta, mara nyingine hufa mapema. Chukua umeme wa betri unaopita kwenye swichi ya ufunguo. Waya upitishe ndani ya mpira wa kuukinga, na mbali na ekzosi.

Kipimo cha mwisho kifanywe usiku, mzigo ukiwa juu. Funga mikungu ileile inayokwenda mnadani au gunia la maharage kutoka Nyakahura, washa taa, kisha mwenzako arudi nyuma mita 20 na akusomee namba kwa sauti. Mwenzako akikosea hata herufi moja, shusha mzigo, ulegeze nati, uinamishe kiango upya.