Mahali pa Usomaji: Istilahi kwa Wanaochanganua XML

Ukipakua data za mji wa Kalemie kutoka OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza mwaka 2004, unaweza kuzipata katika faili la XML. Barabara, bandari na Mto Lukuga unaotoka Ziwa Tanganyika vyote vimo humo kama maandishi yaliyofungwa kwa lebo. Programu inayoyasoma huitwa kichanganuzi, kwa kitenzi kilekile tunachochanganulia sentensi darasani. Inaposoma huweka hesabu: imefika mstari wa ngapi, safu ya ngapi, baiti ya ngapi. Hesabu hiyo naiita ufuatiliaji wa mahali pa usomaji.

“Mahali” peke yake hapatoshi. Katika faili la ramani, mahali pa Kalemie ni karibu latitudo -5.9 na longitudo 29.2. “Nafasi” nayo wachapaji wameshaizoea kwa uwazi ulio kati ya maneno.

Sababu kubwa zaidi ya kuongeza “pa usomaji” imo katika kazi yenyewe. Tuseme nodi ya mji, yaani lebo ya nukta yake kwenye ramani, imefunguliwa mstari wa 3. Mstari wa 4 una lebo ya jina, Kalemie, lakini mwandishi amesahau mkwaju wa kuifunga. Mstari wa 5 una lebo nyingine, iliyo sahihi. Kichanganuzi kinapita bila neno, kwa kuwa lebo kuwa ndani ya lebo ni halali katika XML. Kinafika mstari wa 6, nodi inapofungwa, ndipo kinagoma: lebo hazilingani. Kosa liko mstari wa 4, taarifa inataja wa 6. Anayedhani ametajiwa mahali pa kosa atakodolea macho mstari usio na dosari. Dawa yake ni programu kuweka rundo la lebo zilizo wazi, kila moja na mstari ilikofunguliwa.

Tahadhari pia na vipimo. Expat, kichanganuzi cha James Clark, huanza mistari kwa 1 lakini safu kwa 0. Na anayeandika Kalémie kwa tahajia ya Kifaransa ajue kwamba é ni herufi moja, ila katika UTF-8 ni baiti mbili. Hesabu ya safu na ya baiti hapo huachana.

Basi, mwandishi wa programu, ujumbe wako wa Kiswahili useme yote mawili: “Usomaji umefika mstari wa 6; lebo iliyofunguliwa mstari wa 4 haijafungwa.”