Mfupa wa Ishango na Kadhia ya Namba Pacha

Mwaka 2025 Mbuga ya Virunga ilitimiza miaka 100 tangu kuasisiwa, na ikatimia pia miaka 75 tangu Jean de Heinzelin, mwanajiolojia wa Kibelgiji, alipofukua huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, mfupa wa rangi ya hudhurungi, urefu wake takriban sentimita 10, uliopachikwa kijiwe cha kwatzi nchani na kuchanjwa mistari iliyopangwa mafungu mafungu katika safu tatu. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000.

Safu moja ina mafungu ya mistari 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo baina ya 10 na 20, na hapo ndipo ulipozuka ugomvi wa wanazuoni. De Heinzelin, katika makala ya mwaka 1962, alisema kuwa aliyeichanja huenda alizijua namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi zao. Mmarekani Alexander Marshack, aliyeukagua mfupa kwa hadubini, akashikilia kuwa ni kalenda ya mwezi, na kweli safu mbili zina mistari 60 kila moja, ilhali miezi miwili ya mwandamo ina siku 59. Wengine walinena kwamba ni michanjo tu ya kuuzuia mkono usiteleze. Mimi naona dai la De Heinzelin ni zito kuthibitika, kwani ingawa safu nyingine ina 3 kando ya 6, na 4 kando ya 8, kujua maradufu si kujua namba tasa.

Hata hivyo, kwa sadfa au kwa makusudi, safu ile imebeba jozi mbili za namba tasa pacha, 11 na 13, 17 na 19, yaani zinazopishana kwa 2, na hakuna aliyeweza kutoa burhani kwamba jozi za namna hiyo hazina mwisho. Katika wanahisabati, Euclid alithibitisha kwamba namba tasa hazina ukomo. De Polignac akalitamka suala la jozi mwaka 1849. Brun akalishughulikia mwaka 1919. Na mwaka 2013 Yitang Zhang akathibitisha kuwa jozi za namba tasa zisizopishana kwa zaidi ya milioni 70 hazina mwisho, kiasi ambacho wenziwe walikipunguza hadi 246. Kufika 2 bado.

Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels. Wakuu wa elimu wa Kivu ya Kaskazini, iliko Ishango, na waudai, na kabla haujarudi, nakala yake iwekwe katika shule za Goma.