Upupu

Kamusi itakwambia upupu ni mmea utambaao, maganda yake yamejaa vinyweleo viwashavyo. Mtoto aliyenyunyiziwa upupu dawatini haihitaji kamusi hiyo.

Mmea huu, mchokozi kiasi hicho, umebeba kemikali mbili za ubongo. Mbegu zina levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Vinyweleo vina serotonini, jambo lililoripotiwa mwaka 1954, ingawa mwasho wenyewe hasa ni kazi ya kimeng'enya kiitwacho mukunaini.

Kemikali hizo zilikutana tena maabarani. Mwaka 2007 watafiti wa Lund, Uswidi, walionyesha kwa panya waliosababishiwa dalili za Parkinson kwamba seli za serotonini huipokea levodopa, huigeuza kuwa dopamini, kisha huimwaga ovyo. Mnyama hujinyonganyonga bila kutaka. Panya walipopewa dawa za kuzituliza seli hizo, kujinyonganyonga kulipungua sana.

Lakini mbegu za upupu zisitafunwe kama dawa: kiasi cha levodopa hutofautiana mmea kwa mmea.