Mwenye Kipaza Sauti Ajibiwe: Mihadhara na Ustaarabu wa Kidini Mombasa Bara

Kila Mombasa inapochafuka, rai huwa ileile: wahubiri wasiguse dini za wenzao. Sheria inaiunga mkono. Kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamtia hatiani anayekusudia kujeruhi hisia za kidini za mwingine, kwa lugha inayofanana mno na ile ya sheria ya jinai ya India ya 1860. Naona rai hii imemkamata asiye mwizi.

Mwananadharia wa siasa Teresa Bejan, katika Mere Civility (2017), anamfufua Roger Williams, mwanzilishi wa koloni la Rhode Island, aliyewashambulia Marafiki (Quakers), wazee wa imani wa Kaimosi yetu, kwa maneno makali huku akikataa kuwafukuza humo. Wanaotaka dini isemwe kwa adabu au isisemwe kabisa hawajamjibu. (Na adabu ya nani? Neno “ustaarabu” lenyewe lilikalia kiti cha “uungwana” kwa kumtukuza Mwarabu; Mdigo wa Likoni ana haki ya kulitilia shaka.)

Tazama mhadhara wa Kisauni. Meza moja, Biblia na Qurani juu yake, jenereta ikinguruma nyuma ya muuza viazi karai. Mhubiri wa Kiislamu hasomi mwenyewe, ana msomaji. “Yohana kumi na saba, tatu!” Msomaji anasoma, anakatizwa katikati ya aya, anarudishwa neno moja nyuma. Takbir! Kisha huja lile ambalo wapenda kimya hulisahau: kipaza sauti anapewa Mkristo. Kijana mwenye Biblia iliyochanika jalada anataka sura isomwe mpaka mwisho. Anazomewa, anasoma vivyo hivyo, na mhubiri hana budi kumjibu mbele ya watu. Amefanyiwa ufedhuli, sikatai. Lakini amehesabiwa kuwa mtu anayestahili jibu.

Nitaulizwa: je, mawaidha ya mhubiri wa jihadi Aboud Rogo, yaliyoendelea kuzunguka kwenye CD hata baada ya kuuawa kwake Agosti 2012? Pingamizi ni zito. Ila CD haina wa kuinua mkono. Waliolimiminia risasi kanisa la Likoni tarehe 23 Machi 2014 hawakuja na aya, wala hawakungoja swali. Na polisi walipofunga misikiti Novemba mwaka huo, ukiwemo Swafaa wa Kisauni, kwa madai ya silaha, maneno hayakufungwa. Yalihamia pasipo na mpinzani, yamkini. Dar es Salaam nako, ugomvi kuhusu mihadhara iliyodaiwa kukashifu dini uliachiwa polisi, na Februari 1998 watu wakafa Mwembechai.

Sidai kwamba mhadhara huzuia bunduki. Nadai kwamba Kifungu cha 138 kingefutwa bila hasara, kwa kuwa Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 tayari hakikingi uchochezi wala matamshi ya chuki. Anayeomba kibali cha uwanja apewe, kwa sharti moja: maswali yapokewe kabla jenereta haijazimwa.